Maji ya Jikoni Kwangu

"Leona, huyo mtoto akitutoka leo, wewe utasema nini mbele za Mungu?"

Jirani yangu Dolores Pytlak aliniuliza hivyo miaka minane iliyopita, amesimama mlangoni mwa jiko langu na sahani ya keki ya ndizi mkononi. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala ndani ya kikapu cha nguo juu ya meza. Alikuwa na wiki tatu. Jina lake Tessa, mjukuu wangu wa pekee. Mama yake, Renae, alikuwa amerudishwa hospitali kwa homa ya uzazi, na mwanangu Craig alikuwa huko kumuuguza. Mimi niliachiwa mtoto siku nne.

Nilimjibu Dolores kwamba mtoto hana neno, ni mafua tu. Dolores akaweka keki mezani, akaenda zake. Swali akaniachia.

Craig alikuwa ameshaniambia hata kabla mtoto hajazaliwa kwamba hatabatizwa. "Akikua, akitaka, atachagua mwenyewe. Nakuomba hilo moja tu, Mama." Sababu yake niliijua. Baba yake, mume wangu Raymond, alifia kwenye kiwanda cha karatasi Craig akiwa na miaka kumi na saba. Pale kaburini, padre wa wakati ule alimshika bega akamwambia kwamba Mungu alimpenda baba yake kuliko sisi tulivyompenda. Alikusudia kufariji. Tangu siku ile mwanangu hakupiga goti tena. Sikumlaumu, ila kumwombea sikuacha.

Basi alasiri ile, Dolores alipokwisha kuvuka uwanja, nilisugua sinki kwa chumvi nikalisuuza. Nikafungulia maji mpaka yakawa ya uvuguvugu. Nikamtoa mtoto kikapuni, nikamlaza kwenye mkono wangu wa kushoto, na kwa kikombe nikammwagia maji kichwani mara tatu, nikisema, "Tessa, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Sisi tuliosoma katekisimu zamani tulifundishwa hayo tukiwa wadogo. Mtoto akiwa hatarini kufa na padre hayupo, mtu yeyote anaweza kubatiza. Sista alituonyesha kwa mwanasesere na bakuli la supu.

Lakini Tessa hakuwa hatarini. Nilijiambia ana joto, nikamgusa paji la uso, nikakuta liko kama langu, nikaendelea hivyo hivyo.

Sikumwambia mtu, hata Dolores. Kwenye maungamo pia sikulitaja, kwa sababu miaka yote hiyo sikuliona kuwa kosa. Niliona nimemwekea mtoto kitu mahali salama, na siku moja atakihitaji.

Mimi ni mpishi wa Shule ya Mtakatifu Zita, mwaka huu ni wa ishirini na mbili. Shule na nyumba yangu zinatazamana, barabara moja tu katikati. Craig alimwandikisha Tessa hapo kwa sababu yeye na Renae wanafanya kazi hadi jioni, na mimi niko. Alimwambia mwalimu mkuu, nikiwa nasikia, "Dini asome kama anavyosoma hesabu. Sakramenti hapana."

Darasa la kwanza likapita bila tatizo. La pili ndilo lenye kazi, kwa sababu hilo ndilo darasa la Komunyo ya Kwanza.

Kwetu majira ya kuchipua huanza kwa mazishi. Jumanne, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu inayofungua Kwaresima, watoto huandika ALELUYA kwa rangi kwenye kitambaa, wanakikunja ndani ya kopo la biskuti, halafu shule nzima inatoka kwa maandamano kwenda kulizika mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Hutalisikia tena neno hilo mpaka Pasaka. Mwezi wa pili ardhi ya Wisconsin ni jiwe, hakuna jembe litakaloingia, kwa hiyo tunazika ndani ya rundo la theluji. Mwaka mmoja theluji iliyeyuka mapema. Mbwa wa Dolores akalifumania kopo, akalikokota lile neno katikati ya barabara, na Dolores nyuma yake na ndara za nyumbani akipiga kelele, "Rudisha wewe! Bado wiki tatu!"

Baada ya hapo watoto huviziana. Mmoja akiteleza akaimba neno lenyewe, wenzake wote wanamnyooshea vidole, "Kasema! Kasema!"

Mwaka huu, darasa la pili lilipoanza kufanya mazoezi ya kupokea, kwa hostia, vile vipande vyembamba vya mkate, ambazo hazijawekwa wakfu, Mwalimu Hietpas alimleta Tessa jikoni kwangu pale shuleni. Hakutaka akae nyuma peke yake akitazama. Tessa akapanda kwenye kigoda akaanza kupangusa trei.

"Bibi, hostia ikoje mdomoni?"

"Kama karatasi."

"Sasa mbona Brody alilia alipoiangusha? Na yake ilikuwa ya mazoezi."

"Hakulilia karatasi."

Akapangusa trei mbili tatu. Kisha akasema, "Na mimi nataka."

"Kamwambie baba yako," nikasema. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu, na moyoni nikijua Craig atakataa na mambo yataishia hapo.

Ijumaa za Kwaresima shule yetu hukaanga samaki ukumbini. Mji mzima huja, Walutheri na wasio na dini pia, kwa ajili ya samaki, viazi, kabichi na mkate mweusi wa rai. Craig hakosi. Baba yake ndiye aliyekuwa anasimamia karai enzi zake, na sehemu hiyo ya kanisa mwanangu hakuwahi kuiacha. Ijumaa ile ya kwanza nilimsikia Dolores akimpokea kule kwenye meza ya kabichi.

"Craig Kubiak! Umekuja kutubu au kula?"

"Kula, Bi Dolores. Kutubu nimekuachia wewe, una mengi."

"Mpe mkia huyu!" Dolores akaniitia. "Mpe mkia na mifupa yake!"

Watu wakacheka. Craig akaja moja kwa moja jikoni, akaegemea friji, mikono mfukoni, kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka kusema jambo.

"Mama, Tessa ameniomba abatizwe, apokee na wenzake."

Nikageuza samaki.

"Nimekubali," akasema.

Sikuweza kumtazama.

"Unajua kilichonifurahisha? Mimi mlinimwagia maji nimelala, sijui kushoto wala kulia. Huyu amesimama mbele yangu kwa miguu yake miwili akasema, 'Baba, mimi nataka.' Hicho ndicho nilichokuwa nakingoja. Hata angesema hataki, ningefurahi vile vile." Akanigusa bega. "Na wewe nakushukuru, Mama. Najua haikuwa rahisi. Kusema kweli nilidhani siku moja utafanya kitu nyuma yangu. Hukufanya. Nashukuru."

Akachukua sahani yake akatoka. Karai lile liliungua lote. Dolores alipokuja kuuliza moshi wa nini, nilimwambia mafuta yamezidi moto.

Naomba nieleweke hapa. Ubatizo hautolewi mara mbili. Mtu akishabatizwa amebatizwa, hata kama ni kwenye sinki, hata kama aliyembatiza ni mpishi tu. Kumwacha padre ammwagie Tessa maji tena, nami nimesimama pale nikijua, ingekuwa ni kufanya mchezo mbele ya altare. Na kusema, ni kumnyang'anya mwanangu kile kile alichonishukuru. Baada ya hapo angeweza kuninyang'anya mtoto, na nisingekuwa na la kujitetea.

Siku ikapangwa, Jumamosi baada ya Pasaka, saa nne asubuhi, darasa zima lihudhurie. Mwalimu Hietpas aliwaambia watoto, "Tessa ana bahati kuliko sisi wote. Sisi hatukumbuki ubatizo wetu. Yeye ataukumbuka mpaka uzeeni." Tessa akaja nalo hilo mbio kutoka ng'ambo ya barabara, viatu vina matope mpaka juu.

"Bibi, mimi nitakumbuka! Hata Padre hakumbuki wake!"

Tangu hapo kila alasiri alikuwa akifanya mazoezi nyumbani kwangu. Alisimama kwenye kigoda, akainamisha kichwa juu ya sinki, lile lile, nywele zimening'inia.

"Nifumbe macho au nifumbue?"

"Upendavyo."

"Nitafumbua. Nataka kuona."

Na mimi huku nimekaa mezani nakata gauni langu la harusi kumshonea lake la siku hiyo. Macho yangu kwenye mkasi, sikuthubutu kuyainua.

Wiki ya tano ya Kwaresima nilidhani nimepata njia. Padre wetu, Padre Xavier Pinto, ametoka Goa, kwenye joto la India, ana mwaka wa sita hapa na bado anavaa koti zito mpaka mwezi wa tano. Watoto humtania uwanjani, "Padre, leo joto!" Naye huwajibu, "Joto gani? Hili ni friji lililoachwa wazi!" Ni mtu mpole. Nikajiambia, nikimwambia kwenye kitubio, atakuwa ameshajua. Akishajua hawezi kubatiza mara ya pili. Atapata namna yake, atasema cheti kimepatikana, atabadilisha ibada kimya kimya, na Craig hatahitaji kusikia. Mungu atakuwa hajakosewa na mimi nitakuwa sijasema.

Nikapanga foleni nyuma ya watoto wa darasa la tano, nikaingia, nikapiga magoti, nikasema yote, toka keki ya ndizi hadi samaki walioungua.

Padre alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama najuta.

"Najuta kumdanganya mwanangu, Padre. Kumbatiza mtoto, bado sijui kama najuta."

"Basi ombea hilo nalo." Akaniondolea dhambi. Nilipotaka kuinuka akasema kwa sauti ya chini, "Mama Leona, unaelewa kwamba ulichokisema hapa kimebaki hapa?"

"Naelewa, Padre. Lakini si umeshajua?"

"Mungu amejua. Mimi nikivuka mlango huu sina ninachojua. Siwezi kumwambia mwalimu, siwezi kufuta siku, siwezi hata kukutazama kwa jicho jingine. Jumamosi ile nitammwagia maji."

"Hata kama…"

"Umenifunga mikono, mama, halafu unaniomba nikusaidie kubeba. Uje uniambie nje, palipo na watu. Au umwambie mwanao."

Nilitoka nikiona aibu kuliko nilivyoingia. Miaka sitini na nane nimeishi katika Kanisa hili, nikataka kuitumia siri ya kitubio kama droo ya kufichia vitu.

Juma Kuu likapita. Watoto walifanya Njia ya Msalaba wakibeba msalaba wa mbao za masanduku, Brody akiwa Simoni wa Kirene anayemsaidia Yesu kubeba, na akilalamika njia nzima kwamba mwenzake habebi. Pasaka ilipofika tuliona theluji imeondoka yote. Tulipotoka Jumanne kulifukua kopo, tulilikuta limekaa tu kwenye majani mabichi, wazi, kila mtu analiona. Watoto walilizunguka hivyo hivyo wakajifanya kulitafuta. Tessa ndiye aliyepewa kulifungua. Alikikunjua kile kitambaa, kimelowa na rangi imechuruzika, akalipaza lile neno kwa sauti iliyowashtua ndege kwenye paa la kanisa. Padre alipiga makofi na glavu zake.

Mimi nilikuwa nikimtazama Padre. Wiki nzima nilimtazama, kwenye korido, kwenye foleni ya chakula, mlangoni mwa kanisa. Alinisalimu kama siku zote, akaomba supu ya ziada kama siku zote. Hakunionea huruma wala hakunikwepa.

Siku ya pili yake, Jumatano, alikuja jikoni pale shuleni watoto wakiwa nje wanacheza mpira.

"Mama Leona, naomba msaada. Jumamosi nitahitaji jagi la maji ya uvuguvugu. Maji ya pale kanisani ni baridi sana, mtoto ataruka."

Nikamtazama usoni. Hakuna kitu. Alikuwa ni padre anayemwomba mpishi maji ya moto, basi. Nikatambua kwamba mtu huyu angekwenda na siri yangu mpaka kaburini, na maji angeyamwaga, na mzigo wa kuyamwaga angeubeba yeye, kwa sababu mimi naogopa. Nikazima mashine ya kukandia unga.

"Padre, kaa kidogo."

Akakaa juu ya kreti la vitunguu.

"Nina neno la kukwambia. Hapa, nje ya kitubio."

Akafumba macho, akayafumbua. "Sema, mama."

Nikasema upya kuanzia mwanzo, naye akasikiliza kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.

"Uliyatamka maneno yote?"

"Yote. Sista alitufundisha kwa mwanasesere."

"Maji yalitiririka kichwani?"

"Mara tatu."

"Nani alishuhudia?"

"Mungu na kikapu cha nguo."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Basi amebatizwa. Jumamosi maji hayatakuwepo. Nitampaka mafuta, nitampa mshumaa na vazi jeupe, yale yaliyobaki. Lakini siandiki kitu kitabuni mpaka baba yake ajue, na ajue kutoka kwako. Akisema hapana, nitakaa naye tuzungumze, ila sitafanya lolote kwa kumzunguka. Amezungukwa mara moja, inatosha."

Akainuka, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni. Mlangoni akageuka.

"Jagi usilete," akasema.

Alhamisi sikusema. Alhamisi nilitengeneza sababu. Ijumaa Tessa alivuka barabara saa tisa kama kawaida, akala mkate wake na siagi ya karanga, akakaa akitazama gauni lililoning'inia mlangoni mwa stoo. Lilikuwa limekwisha isipokuwa pindo, pini zimelizunguka chini pande zote.

Craig alifika saa kumi na nusu kumchukua. Alikuwa amekata nywele kwa ajili ya kesho.

"Haya twende, bibi harusi mdogo," akamwambia Tessa.

"Siyo bibi harusi, Baba! Ni Komunyo! Na kesho si Komunyo, kesho ni maji!"

"Samahani, mtaalamu."

"Kaeni kwanza," nikasema. "Wote wawili."

Nilikuwa nimewaza kumtoa mtoto nje acheze. Halafu nikafikiri, nimeshafanya jambo moja juu ya kichwa chake bila kumuuliza. La pili alisikie.

Nikasema. Sikuzunguka. Nilisema Dolores aliniuliza nini, nikasema sikuweza kuvumilia, nikasema mtoto hakuwa mgonjwa. Nikasema ilikuwa siku ya tatu ya zile siku nne. Na kwamba Padre anajua na atafanya yaliyobaki tu, iwapo yeye Craig atakubali.

Craig hakupaza sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa sauti. Alitazama mikono yake mezani.

"Ijumaa ile ya samaki nilikushukuru," akasema mwishowe.

"Ulinishukuru."

"Na wewe ukageuza samaki."

"Ndiyo."

"Nilikuomba kitu kimoja, Mama. Kimoja. Sikukukataza kusali, sikukukataza kumpeleka kanisani, shule nimemleta hapa hapa. Kimoja tu."

"Najua, mwanangu."

Tessa alikuwa akitutazama kwa zamu. "Kwa hiyo kesho Padre hatanimwagia maji?"

"Hapana, mpenzi. Ulishamwagiwa."

"Lakini mimi nilitaka kukumbuka."

Hakulia. Alisema tu hivyo, kama mtu anayewakumbusha watu kitu walichosahau. Nimesikia maneno mazito mengi maishani mwangu, ya Sista, ya mama mkwe, ya msimamizi wa kiwanda aliyeniletea viatu vya Raymond ndani ya mfuko. Hakuna lililonipata kama hilo.

Akashuka kitini. "Ilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha.

"Hapa? Kwenye vyombo?"

"Nililisugua kwanza. Kwa chumvi."

Akasogeza kigoda, akapanda. Akalitazama sinki kama hajawahi kuliona, yeye aliyeliinamia wiki sita. Akafungulia maji, akaweka vidole.

"Nilivaa nini?"

"Fulana ya njano na soksi moja. Nyingine uliipiga teke, sikuipata mpaka kesho yake."

"Nililia?"

"Hapana. Ulifumbua macho ukanitazama."

"Nilifumbua!" Akamgeukia baba yake. "Baba, nilifumbua! Kama nilivyosema nitafanya!"

Akanigeukia mimi.

"Ulitumia kikombe gani?"

Nikakitoa kabatini. Kizito, cha rangi ya kijani, walichopewa wafanyakazi wa kiwanda mwaka wa mashindano ya uvuvi, mkono wake umemeguka kidogo. Craig akakiona. Akanyoosha mkono nikampa.

"Hiki cha Baba," akasema.

"Vingine vilikuwepo. Nilitaka na yeye awepo."

Alikizungusha mikononi, kidole gumba kikapita pale palipomeguka. Nje watoto wa mwisho walikuwa wakiitwa na mama zao, mpira ukigonga ukuta wa shule.

"Baba," Tessa akasema, "mwezi ujao bado nitapokea na wenzangu?"

Craig akaweka kikombe ndani ya sinki, taratibu kisije kikagonga. Akachutama mbele ya kigoda mpaka macho yao yakalingana.

"Wewe bado unataka?"

Tessa akanitazama.

"Nitazame mimi, usimtazame bibi. Hakuna aliyekwambia useme nini?"

"Hakuna."

"Ukisema hutaki tena, basi, tutaenda nyumbani tutakula piza, hakuna mtu atakayekasirika."

Tessa alifikiri. Kwa kweli alifikiri, nilimwona, mkono wake bado unachuruzika maji.

"Nataka," akasema. "Na piza pia."

Craig akasimama. Nikamwambia, "Craig, nisamehe." Nilimwambia nimesimama, mikono imening'inia, kama nilivyowaona watoto wa shule wakisimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu.

Alifunga bomba. Akachukua mkoba wa Tessa akauvaa begani. Akaenda mlangoni mwa stoo, akaliondoa gauni kwenye hanga kwa uangalifu, akalilaza juu ya mkono wake.

"Pindo halijaisha," nikasema. "Pini bado zimo, zitakuchoma. Niachie, nitalimaliza sasa hivi."

Akamshika Tessa mkono wenye maji, na gauni na pini zake juu ya mkono mwingine, akausukuma mlango kwa bega, akatoka.